Jina Moja Si Mtu Mmoja

Jina ni amana. Mtu hulipokea kabla hajaweza kusema, hulichukua maisha yake yote, na akifa huliacha nyuma yake kama alama ya njia aliyoipita. Lakini jina lina upungufu mmoja mkubwa: halina uwezo wa kumlinda mwenyewe asichanganywe na mwingine. Watu wawili wakiitwa jina moja, mmoja mwema na mmoja mbaya, mwema huweza kulaumiwa kwa kosa asilolitenda, na mbaya akasifiwa kwa wema asioujua. Jina haliwezi kujitetea. Kazi ya kulitetea ni ya yule alitajaye.

Katika insha hii, msomaji kijana, nakusudia kugombana. Sigombani na mtu. Nagombana na mazoea. Yako mazoea ya kusoma hadithi za kale za Wayunani kama mtu ahesabuye kokoto. Msomaji hukusanya majina, huyakariri, huyamwaga katika karatasi ya mtihani, kisha huyasahau. Katika kuhesabu huko, wanaume mashujaa huangaliwa mmoja mmoja, lakini wanawake wenye jina moja hutiwa katika kapu moja, wakafanywa kitu kimoja. Nasema kuwa mazoea hayo ni uvivu, na kuwa uvivu huo, ukitazamwa vyema, ni dhuluma. Mtu huweza kuniuliza: nani hudhulumiwa, hali wanawake hao ni wa hadithi tu? Swali hilo nitalijibu kabla sijaweka kalamu chini.

Kwanza niungame kosa langu, maana asiyeungama lake hana haki ya kunyosha kidole. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilipelekwa katika shule moja kufanya mazoezi ya kufundisha. Siku moja niliwasimulia wanafunzi habari za kuanguka kwa Troy, na jinsi Creusa, mke wa Aeneas, alivyopotea usiku ule wa moto. Msichana mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, huyu ndiye Creusa aliyeungua kwa joho la sumu alilopelekewa na Medea?" Sikujua. Lakini nilikuwa kijana, nimevaa tai mpya, na mkaguzi alikuwa amekaa nyuma ya darasa. Niliogopa kuonekana mjinga kuliko nilivyoogopa kusema uongo. Nikajibu, "Ndiye." Msichana akafikiri kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Basi, mwalimu, alikufa mara ngapi?" Darasa zima likacheka. Nikamwamuru akae chini. Jioni nilifungua kitabu, nikaona ya kuwa aliyestahili kukaa chini nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiri neno letu moja la Kiswahili lililo zuri sana. Mtu mwenye jina kama langu namwita somo yangu. Jambo ninalofundishwa naliita somo langu. Neno ni lile lile, lakini sarufi yetu haikukubali yachanganywe: mtu ni somo yangu, fundisho ni somo langu. Tena lugha hii hii humwita somo mwanamke mzima amfundaye mwari mambo ya utu uzima. Tazama hekima iliyomo. Kwa Waswahili, mwenye jina lako ni mwenzio, hana budi kuwa mtu wa pili. Maana hakuna awezaye kuwa somo wa nafsi yake. Jina moja hufanya udugu baina ya watu wawili, lakini haliwafanyi kuwa mtu mmoja. Ikiwa hivyo ndivyo tunavyowatendea majirani zetu, kwa nini tusiwatendee hivyo wanawake wa vitabuni?

Njoo basi tuwatazame hao akina Creusa, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni Creusa wa Athens. Alikuwa binti wa mfalme Erechtheus. Dada zake walitolewa sadaka kwa ajili ya nchi. Yeye alisalimika kwa kuwa alikuwa mtoto mchanga mikononi mwa mama yake. Alipokuwa mwari, siku moja akichuma maua, mungu Apollo alimkamata mkono, akamwingiza katika pango chini ya mwamba wa Acropolis, akamnajisi, na mwari akimlilia mama yake. Akachukua mimba, akaificha. Akazaa peke yake, akamlaza mtoto kikapuni katika pango lile lile, pamoja na kitambaa alichokifuma mwenyewe siku alipokuwa akijifunza kufuma, na mapambo ya dhahabu yenye sura ya nyoka. Aliporudi hakumkuta, akaamini kuwa ameliwa na wanyama. Kumbe mtoto alikuwa amechukuliwa na mungu Hermes mpaka Delphi, akalelewa katika hekalu la Apollo na mwanamke mtabiri wa hekalu hilo, asijue baba wala mama.

Miaka ikapita. Creusa aliozwa Xuthus, mgeni aliyepewa mke kwa kuwa aliisaidia Athens vitani. Hawakupata mtoto. Wakaenda Delphi kuuliza, na mungu akamwambia Xuthus kuwa mtu wa kwanza atakayekutana naye atokapo hekaluni ndiye mwanawe. Akakutana na kijana mfagizi wa hekalu, akamkumbatia, akamwita Ion. Creusa aliposikia kuwa mumewe amepata mwana, naye amebaki na kaburi lisilo na maiti, uchungu ulimpanda. Hapo ndipo aliposema mbele ya watu siri aliyoifunga kifuani miaka yote, akamshitaki mungu mwenyewe kwa jeuri aliyomtendea. Kwa ushauri wa mtumishi mzee akajaribu kumwua kijana kwa sumu; lakini divai ilimwagwa chini, njiwa akainywa, akafa, na hila ikafichuka. Kijana akamwandama ili amwue. Creusa akakimbilia madhabahuni. Ndipo mtabiri alipotoka na kikapu kikuukuu. Creusa akakitambua, na kabla ya kuangalia ndani akavitaja vilivyomo, kimoja kimoja: kitambaa chenye sura ya zimwi Gorgon, nyoka wa dhahabu, taji ya majani ya mzeituni. Mama na mwana wakajuana wakiwa hatua moja tu kutoka katika kuuana. Hata hapo Apollo hakuja kusimama mbele ya mwanamke aliyemkosea. Alimtuma Athena aje aseme badala yake.

Habari hizi ziliandikwa katika mchezo wa kuigiza na Euripides, mtunzi wa Athens wa karne ya 5 K.K. Euripides alimpa Creusa huyu kitu ambacho somo zake hawakukipata kwa kipimo kile: alimpa kinywa.

Wa pili ni Creusa wa Corinth. Baba yake alikuwa mfalme Creon. Jason, aliyekuwa amemleta Medea kutoka nchi ya mbali na kuzaa naye wana, alimwacha mkewe ili amwoe binti huyu wa mfalme. Medea akawatuma watoto wake kumpelekea bibi arusi zawadi, joho zuri na taji ya dhahabu, vyote vimetiwa sumu. Binti aliwageuzia watoto uso mwanzoni. Lakini alipoziona zawadi moyo wake ulilainika. Akavaa, akajitazama katika kioo, akatabasamu. Kisha rangi yake ikabadilika, na moto ukamla kuanzia kichwani. Baba yake alimkumbatia maiti wake, akagandamana naye, akafa. Katika mchezo wa Euripides uitwao Medea, uliochezwa Athens mwaka 431 K.K., habari hizi zote zimo, lakini jina la binti huyu halimo! Anaungua mbele ya masikio yetu, nasi hatuambiwi ni nani. Waandishi wengine walimwita Glauce. Na Seneca wa Roma, katika mchezo wake wa habari hizo hizo, alimwita Creusa. Msafiri Pausanias wa karne ya 2 B.K. aliandika kuwa Corinth kulikuwa na chemchemi iliyoitwa kwa jina la Glauce, kwa kuwa, walivyosema watu, alijitupa humo akitumaini kuwa maji yatamponya sumu. Magofu ya chemchemi hiyo yangali yaonekana hata leo.

Wa tatu ni Creusa wa Troy, binti wa mfalme Priam, mke wa Aeneas na mama wa Ascanius. Virgil, mtunzi wa Roma aliyefariki mwaka 19 K.K., amesimulia habari zake katika utenzi mkubwa wa Aeneas. Usiku Troy ilipoteketezwa, Aeneas alimbeba baba yake mabegani, akamshika mwanawe mkono, akamwambia mkewe afuate nyuma, mbali kidogo. Angalia mpango huo, msomaji. Mzee ana mabega ya kukalia, mtoto ana mkono wa kushika. Mke ana nyayo za kufuata gizani. Walipokuwa karibu na lango Aeneas alisikia vishindo, akaogopa, akakimbilia vichochoro asivyovijua. Hakugeuka kutazama nyuma mpaka walipofika mahali pa kukutania. Wote walikuwapo isipokuwa mmoja. Akarudi mjini mbio katikati ya moto na maadui, akaita jina la Creusa katika njia zote, akaita tena na tena. Kilichomjia kilikuwa kivuli chake, kirefu kuliko alivyokuwa yu hai. Kikamtuliza, kikambashiria nchi mpya, na ufalme, na mke mwingine wa kifalme. Kikasema kuwa yeye Creusa hatakuwa mtumwa wa Wayunani, maana Mama Mkuu wa miungu amemweka katika nchi yake. Kikamwusia ampende mtoto wao. Aeneas akataka kumkumbatia mara tatu, na mara tatu akakumbatia hewa.

Wako na wengine waitwao Creusa, kama yule binti wa Dunia aliyekaa na mungu wa mto Peneus akamzalia Hypseus. Lakini hawa watatu watosha kwa shauri letu. Sasa niambie: yupo mtu mwenye macho awezaye kusema kuwa hawa ni mmoja? Mmoja alidhulumiwa na mungu akaishi mpaka akamshitaki. Mmoja alipokea zawadi akafa nayo mwilini. Mmoja aliachwa nyuma, na akiwa amekwisha kuachwa bado ndiye aliyemfariji aliyemwacha. Misiba yao haifanani, na fadhila zao hazifanani. Kuwachanganya ni kumnyang'anya wa kwanza ushujaa wake, na wa tatu upole wake, na kumfanya wa pili, ambaye aliandikwa kidogo kuliko wote, atoweke kabisa.

Na sasa nitaje jambo lililonistaajabisha zaidi nilipolijua. Neno Creusa katika Kiyunani si neno tupu. Ni umbo la kike la neno Creon, na maana yake ni mwenye kutawala. Basi wanawake hawa watatu waliitwa "mtawala", na hakuna hata mmoja aliyetawala. Huyu hakuweza kuutawala mwili wake mbele ya mungu. Yule hakuweza kutawala vazi alilolivaa. Na yule hakutawala hata mwendo wake barabarani, maana aliambiwa afuate nyuma. Wanaume walioitwa Creon walikuwa wawili mashuhuri, mmoja wa Corinth na mmoja wa Thebes, na wote wawili walikaa katika kiti cha enzi. Kwao jina lilikuwa kweli. Kwa wanawake lilikuwa pambo. Nina dhana kuwa mara nyingine msimulizi alipohitaji binti wa mfalme, na hakuwa na haja ya kumjua sana, alimpa jina hili kama vile sisi tungesema "binti sultani", akaendelea na safari yake.

Hapo ndipo vitabu vya marejeo vinapozidisha kosa. Fungua kamusi yo yote ya hadithi za Wayunani utafute jina hili. Utakuta orodha yenye nambari: Creusa wa kwanza, binti wa fulani, mke wa fulani, Creusa wa pili, binti wa fulani, Creusa wa tatu, mke wa fulani, mama wa fulani. Binti, mke, mama! Maneno matatu haya ndiyo yote wanayotenganishwa nayo, na kila neno lamtegemeza mwanamke kwa mwanamume kama mmea utambaao utegemeavyo mti. Sisemi kuwa ni aibu kuwa binti, au mke, au mama. Hayo ni mambo ya heshima. Nasema hayatoshi kumtambulisha mtu. Kitambulisho cha mtu ni alilolitenda na alilolivumilia. Mwanamke aliyetaja vitu vya kikapuni pasipo kuvitazama ana haki ya kujulikana kwa hilo.

Na kama wataka kuona jinsi dhuluma hii ilivyo karibu nasi, sikiliza neno linalotoka kinywani mwetu kila siku. Kwa nini twawaita watu wale Wayunani? Wao wenyewe hujiita Hellenes. Kwa masimulizi yao, Ion mwana wa Creusa ndiye aliyelipa jina kabila la Waionia, waliokaa Athens na katika pwani ya Asia Ndogo na visiwa vya karibu. Mataifa ya Mashariki yalikutana na Waionia hao, yakawaita Wayunani wote kwa jina lao. Waarabu wakasema Yunan, nasi tukalipokea neno, tukalitia viambishi vyetu, tukasema Uyunani, Wayunani, Kiyunani. Basi jina la mtoto aliyelazwa kikapuni limevuka bahari likaingia katika lugha yetu, na liko hata katika Biblia ya Kiswahili. Mtoto twamtaja pasipo kujua. Mama yake je? Mama yake twamchanganya na bibi arusi wa Corinth!

Wala Creusa si jina la pekee katika jambo hili. Merope aliyemlea Oedipus huko Corinth si Merope aliyekuwa mke wa Sisyphus. Antiope aliyewazaa mapacha Amphion na Zethus si Antiope wa Amazon aliyechukuliwa na Theseus. Lakini mfano ulio mzito kuliko yote ni wa Eurydice.

Kila mtu amjua Eurydice mke wa Orpheus, aliyeumwa na nyoka akafa, na mumewe akashuka kuzimuni kumwomba kwa muziki wake. Alipewa kwa sharti kwamba mume asigeuke nyuma mpaka wametoka. Orpheus akageuka, na mkewe akapotea mara ya pili. Lakini ni wangapi wamjuao Eurydice wa Thebes? Huyo ni mke wa Creon katika mchezo wa Antigone ulioandikwa na Sophocles. Amekwisha kufiwa na mwana mmoja. Anatoka nyumbani kwenda kuomba, asikia mlangoni habari ya msiba, awaambia watu wamweleze yote, maana kufiwa si jambo geni kwake. Aelezwa kuwa Haemon, mwanawe aliyebaki, amejiua kwa ajili ya ukaidi wa baba yake. Hasemi neno. Arudi ndani kimya, na baada ya muda mfupi mjumbe atoka kusema kuwa amejiua akimlaani mumewe. Mistari aliyopewa kusema katika mchezo mzima haifiki kumi. Na jina lake, Eurydice, maana yake ni haki iliyo pana! Haki ilikuwa pana katika jina, na katika nyumba yake haikupata hata pa kukaa.

Tena kuna ajabu nyingine. Pausanias ametaja kuwa katika tenzi za kale kuliko utenzi wa Virgil mke wa Aeneas hakuitwa Creusa, aliitwa Eurydice. Na Virgil mwenyewe ndiye aliyesimulia, katika kitabu kingine, habari za Orpheus na mkewe. Basi waweke wawili hao bega kwa bega. Mke wa Orpheus alipotea kwa sababu mumewe aligeuka nyuma. Mke wa Aeneas alipotea kwa sababu mumewe hakugeuka nyuma. Wanaume wawili walifanya mambo mawili yaliyo kinyume, na katika yote mawili aliyelipa ni mwanamke aliyefuata nyuma. Msomaji mvivu, kwa kuwachanganya wanawake hawa, hupitwa na fundisho hili. Msomaji mwangalifu, kwa kuwatenganisha, hulipata. Hivyo kutenganisha majina si kazi ya karani. Ni mlango wa kuingilia maana.

Najua wapinzani wangu watasema nini, na haki yataka niwasikilize. Wa kwanza atasema: "Hata wanaume wa hadithi hizo walishirikiana majina; mbona huwalilii?" Ni kweli walishirikiana. Lakini tazama walivyotunzwa. Katika vita vya Troy walikuwako mashujaa wawili walioitwa Ajax. Homer hakutuacha gizani: mmoja ni mwana wa Telamon, mkubwa wa umbo, mwenye ngao iliyo kama mnara, wa pili ni mwana wa Oileus, mdogo wa umbo, mwepesi wa mbio. Hata mtoto akisoma hawapotezi. Shujaa akiwa na somo yake, mtunzi hutumia jasho kuwatenganisha. Ninadai jasho lile lile kwa wanawake, wala sidai zaidi.

Wa pili atasema: "Hadithi hizi hazina mwandishi mmoja. Zilisimuliwa na watu wengi katika miji mingi kwa karne nyingi. Majina kuchanganyika hakuepukiki." Nakubali tena. Hakuna mtu mmoja wa kumlaumu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mzigo umeangukia msomaji. Msimulizi wa Corinth hakuwa na wajibu wa kumkumbuka binti wa Athens. Wewe uliye na vitabu vyote viwili mezani una wajibu huo. Mto ukishuka na takataka kutoka vijiji vingi, wa mwisho kuchota ndiye achujaye.

Wa tatu, na huyu ndiye ninayemsikia mara nyingi kuliko wote, atasema: "Wanawake hawa hawakuwako. Asiyekuwako hawezi kudhulumiwa." Hapa nalijibu lile swali la mwanzo. Ni kweli kwamba Creusa wa Athens hatapata homa kwa kuwa nimemwita Creusa wa Corinth. Lakini jicho nilitumialo kusomea kitabu ndilo nilitumialo kutazamia watu. Sina jingine nililoliweka akiba. Mtu ajizoezaye kusema, "Wanawake hawa ni wale wale, kulia na kufa tu," hataliacha neno hilo katika ukurasa akifunga kitabu. Atalichukua mpaka sokoni, mpaka ofisini, mpaka barazani, mpaka katika kiti cha hukumu akijaliwa kukikalia. Katika nchi yetu ya Kenya yako makabila mengi yampayo mtoto jina la bibi au babu yake, hata darasa moja likawa na wasichana watatu wa jina moja. Mwalimu asiyejali atamwadhibu huyu kwa kosa la yule, na kuandika alama za yule katika taarifa ya huyu. Huyo ni mtoto wa nyama na damu, na machozi yake ni ya maji na chumvi. Dhuluma iliyoanza katika hadithi imekwisha kuingia darasani.

Basi nakuusia mambo matatu, kijana usomaye. La kwanza, ukutanapo na jina, uliza: yupi? Swali hilo ni fupi, lakini limewaokoa wengi. La pili, usikubali kumtambua mtu kwa jamaa zake peke yao. Ukiandika juu ya Creusa, usiishie katika kusema mke wa Aeneas. Sema aliyeachwa nyuma akamfariji aliyemwacha. Sema aliyemshitaki mungu mbele ya watu. Na yule wa Corinth, ambaye hatujui mengi juu yake, sema hivyo hivyo: binti aliyetabasamu mbele ya kioo, ambaye mtunzi mkubwa hakumtaja hata jina. Kukiri upungufu wa habari zake ni heshima kubwa kuliko kumjazia habari za mwingine. La tatu, usipojua, sema hujui. Neno hilo lingeniokoa na aibu nilipokuwa na tai mpya shingoni, na lingemwokoa msichana mmoja asiamrishwe kukaa chini kwa kuwa aliuliza swali zuri.

Msichana huyo sikumwona tena baada ya mazoezi yangu kwisha. Jibu lake limechelewa miaka mingi, lakini deni halifutwi na siku. Walikuwa wawili, dada yangu. Mmoja alikuwa wa Troy na mmoja wa Corinth, na kila mmoja wao aliondoka duniani mara moja tu, kwa msiba uliokuwa wake mwenyewe. Uliuliza kwa haki, nami nilijibu kwa kiburi. Simama.